Mwanga na Sumu: Safari ya Risasi katika Nyumba za Meru na Embu

Mwaka 1984 wazazi wa Shule ya Sekondari ya Harambee ya Karamugi, wilayani Meru, walikuwa wakijiandaa kununua jenereta ya dizeli. Wanafunzi walihitaji taa za kusomea usiku, na nyaya za umeme zilikuwa mbali. Mwalimu wa kujitolea kutoka Marekani, Mark Hankins, aliwashauri wajaribu njia nyingine. Alikuwa amekutana na mhandisi Harold Burris, Mmarekani mwenzake aliyeanzisha biashara aliyoiita Solar Shamba, akiamini kwamba jua linalowaka kwenye miteremko ya Mlima Kenya linaweza kuwasha taa za watu wa kawaida. Wazazi wakakubali. Paneli zikapandishwa juu ya paa, nyaya zikavutwa hadi madarasani, taa zikawaka. Mafundi wa eneo hilo wakafundishwa kazi. Walimu wa shule jirani wakaja kujionea, kisha wakaanza kuulizia bei ya kuweka nyumbani kwao, na wakulima wa kahawa na chai wakafuata.

Wanaosimulia historia ya umeme wa jua nchini Kenya huanzia hapo, nao wana haki. Kutoka Meru na Embu biashara hiyo ilienea nchi nzima, bila kusubiri serikali wala mradi mkubwa wa wafadhili, hadi Kenya ikatajwa miongoni mwa nchi za kwanza ulimwenguni ambako watu wa vijijini walijinunulia umeme wa jua kwa pesa zao wenyewe. Ni sifa ambayo watu wa mlimani wanastahili.

Lakini paneli haihifadhi kitu. Mwanga wa mchana ili uwake usiku lazima ukae mahali, na mahali hapo palikuwa ndani ya betri. Betri iliyopatikana madukani, aliyoijua kila fundi, na ambayo viwanda vya Nairobi vilikuwa vikiitengeneza tayari kwa ajili ya magari, ni ile ya plati za risasi na asidi, iliyobuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi, metali laini ya kijivu ambayo mwili wa binadamu hauna haja nayo hata chembe.

Historia ya sola imeandikwa mara nyingi. Historia ya kilichokuwa ndani ya betri haijaandikwa vya kutosha, na hiyo ndiyo inayowahusu watoto.

Umeme uliopita juu ya vichwa

Ili kuelewa kwa nini betri ziliingia kwa wingi katika nyumba za eneo hili, ni lazima kwanza tuteremke hadi Mto Tana. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, mabwawa ya Seven Forks yalijengwa moja baada ya jingine pale Embu inapopakana na Ukambani: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, kisha Kiambere 1988. Kwa miaka mingi mabwawa hayo ndiyo yaliyobeba sehemu kubwa ya umeme wa Kenya. Nguzo za chuma zilikata mashamba ya Mbeere na kuelekea Nairobi. Watu walioishi chini ya nyaya hizo waliendelea kuwasha koroboi.

Basi familia iliyotaka redio kubwa au televisheni ilinunua betri ya gari. Ikiisha chaji, ilibebwa kwenye baiskeli au kupakiwa juu ya matatu hadi kwenye kibanda cha kuchaji huko Embu, Runyenjes, Chuka, Nkubu au Maua, ikaachwa usiku mmoja, kisha ikarudishwa. Sola ilipoingia ilipunguza safari hiyo. Haikupunguza betri. Iliziongeza, kwa kuwa sasa hata mwalimu wa shule ya msingi aliweza kumiliki moja na kuichaji bila kuondoka nyumbani.

Betri ya gari imetengenezwa kutoa nguvu kubwa kwa muda mfupi ili kuwasha injini. Ikinyonywa kila usiku hadi ikauke, hufa mapema, mara nyingi baada ya miaka miwili au mitatu. Hivyo nyumba moja iliyowekewa sola mwaka 1986 huenda ilikuwa imezika betri kadhaa kufikia mwaka 2000. Nimesema kuzika, ingawa betri ya risasi haizikwi. Ina bei. Hukaa kwanza nyuma ya nyumba au kwenye kona ya ghala, pengine asidi ikivuja, hadi mnunuzi wa vyuma chakavu apite na mizani. Kutoka kwake huenda kwa mfanyabiashara mkubwa zaidi, na mwisho wa safari ni tanuri.

Njiani kuna vituo ambavyo havionekani kwenye hesabu ya mtu yeyote. Fundi hupasua betri ili abadilishe plati mbovu na kumpunguzia mteja gharama. Kijana wa skrepa humwaga asidi kwenye udongo ili mzigo uwe mwepesi. Risasi huyeyuka kwenye joto la nyuzi 327 hivi, kiwango ambacho mkaa na kipulizio cha mkono hufikia bila shida, kwa hiyo mtu anaweza kuiyeyusha nyuma ya kibanda na kuimimina kwenye kalibu. Vumbi linalobaki halina harufu wala halimkohozi mtu. Hushika nguo, viatu na nywele, nalo huingia nyumbani jioni pamoja na baba.

Petroli na rangi zilikuwa zimetangulia

Betri haikuwa mlango wa kwanza wa risasi. Tarehe 9 Desemba 1921, Thomas Midgley, mtafiti wa kampuni ya General Motors huko Marekani, aligundua kwamba kiasi kidogo cha kemikali ya risasi kikitiwa ndani ya petroli, injini huacha kugonga na hupata nguvu zaidi. Petroli hiyo ilianza kuuzwa mwaka 1923. Mwaka uliofuata wafanyakazi wa kiwanda cha Bayway, New Jersey, walirukwa na akili kwa sumu hiyo, na kadhaa wakafa. Onyo lilikuwa wazi, lakini biashara iliendelea kwa miongo mingi mingine.

Petroli hiyo ndiyo iliyofika kwetu. Baada ya kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kuanza kazi mwaka 1963, petroli yenye risasi ilitoka Mombasa ikasambaa nchi nzima, na magari yaliyopanda kutoka Thika kupitia Embu hadi Meru yaliinyunyiza kila kona. Moshi uliotoka nyuma ya gari ulibeba chembe ndogo za risasi, zikatua barabarani, kwenye sukuma wiki zilizoanikwa kando ya lami, na kwenye vituo vya matatu ambako akina mama waliuza ndizi huku watoto wao wakicheza miguuni. Tofauti na moshi wa kuni, risasi haiozi wala haichomeki. Iliyotua kwenye udongo mwaka 1975 ingali hapo, isipokuwa maji au upepo viwe vimeihamisha.

Rangi nayo ilikuwa na historia yake. Mwaka 1904, daktari wa macho John Lockhart Gibson wa Brisbane, Australia, alieleza kwamba watoto aliokuwa akiwatibu kwa sumu ya risasi waliipata kwenye rangi za varanda na reli za nyumba zao: rangi iligeuka unga, unga ukashika vidole, vidole vikaingia mdomoni. Jimbo la Queensland lilipitisha sheria mwaka 1922. Mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilikuwa limepitisha mkataba wa kudhibiti rangi nyeupe ya risasi. Marekani ilisubiri hadi 1978. Kwingineko rangi za mafuta ziliendelea kutengenezwa na risasi, hasa za manjano na nyekundu, ambazo ung'avu wake ulitokana na kemikali ya risasi yenyewe. Hizo ndizo rangi zinazopendwa kupakwa kwenye milango ya madarasa ya chekechea, bembea na vitanda vya watoto. Sasa viwango vya Kenya vinataka risasi ndani ya rangi isizidi sehemu 90 kwa milioni moja, na hilo ni jambo jema. Ila kiwango kinahusu kopo linalouzwa leo. Hakiondoi rangi iliyopakwa ukutani mwaka 1990.

Kwa nini mtoto

Mtu mzima akimeza risasi, sehemu kubwa hupita na kutoka. Mtoto mdogo huweza kufyonza mara nne hadi tano ya kiasi anachofyonza mtu mzima. Sababu ni kwamba mwili unaokua una njaa ya madini, na risasi hupita kwenye milango ileile inayotumiwa na kalisi na chuma. Mtoto aliyepungukiwa damu au asiyepata maziwa ya kutosha hufyonza risasi zaidi, kwa hiyo sumu hii humwelemea hasa yule ambaye sahani yake ni nyepesi. Isitoshe, mtoto huishi karibu na ardhi. Hutambaa, huokota, hulamba. Kilicho vumbi tu kwa mzazi aliyesimama, kwake ni sehemu ya mlo.

Ikishaingia kwenye damu, risasi hufika ubongoni wakati ambapo ubongo unajijenga, na huvuruga namna seli zinavyounganishwa. Inayobaki hujificha mifupani kwa miongo. Msichana aliyeimeza akiwa na miaka mitatu anaweza kuwa mjamzito akiwa na ishirini na mitano, mwili wake ukachota kalisi mifupani kumjenga mtoto, na risasi ya zamani ikatoka pamoja nayo, ikavuka kondo la nyuma.

Kiasi kikubwa husababisha degedege, kuzirai na kifo. Katika mtaa wa Thiaroye-sur-Mer, Dakar, watoto 18 walikufa kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 kwa sababu ya risasi ya betri kuukuu zilizokuwa zikivunjwa na udongo wake kuchekechwa. Zamfara, Nigeria, mwaka 2010, zaidi ya watoto 400 walipoteza maisha kwa vumbi la mawe ya dhahabu yenye risasi.

Kiasi kidogo hakiui, na ndiyo maana huachwa. Mtoto hukawia kusema. Hukasirika upesi, na husahau somo. Maumivu ya tumbo huitwa minyoo, uchovu huitwa malaria, na matokeo mabaya darasani huitwa uvivu, hata akachapwa. Mwaka 1979 daktari Herbert Needleman alipima risasi katika meno ya maziwa ya watoto wa Chelsea na Somerville, Massachusetts, watoto ambao hawakuwa wagonjwa machoni pa mtu yeyote. Waliokuwa na risasi nyingi menoni walishindwa na wenzao katika majaribio ya akili na umakini. Tangu hapo kiwango cha tahadhari kimekuwa kikishuka. Mwaka 1960 madaktari wa Marekani walishtuka tu damu ikifika mikrogramu 60 kwa desilita. Mwaka 1991 kikawa 10, mwaka 2012 kikawa 5, na mwaka 2021 kikawa 3.5. Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama.

Owino Uhuru

Mwisho wa safari ya betri ulionekana hadharani nchini Kenya katika mtaa mmoja wa Mombasa. Kuanzia mwaka 2007 hivi, kampuni ya Kenya Metal Refineries EPZ iliyeyusha betri kuukuu kando kabisa ya makazi ya Owino Uhuru, eneo la Jomvu, ikitoa risasi ya kuuzwa nje. Ukuta mmoja tu uliwatenga majirani na tanuri. Moshi ulitua juu ya mabati, na maji machafu yakapita kati ya nyumba.

Mwaka 2009 kampuni hiyo ilimwajiri Phyllis Omido, na moja ya kazi zake za mwanzo ilikuwa kusimamia tathmini ya athari kwa mazingira. Tathmini ilionyesha kwamba kiwanda hakikufaa kuwa mahali pale. Ushauri wake haukukubaliwa. Muda si mrefu mtoto wake mchanga akaugua, akatibiwa malaria na homa ya matumbo bila nafuu, hadi kipimo cha damu kilipoonyesha risasi. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akirudi nyumbani nayo, na mtoto akaipata kwenye maziwa ya mama. Omido akaacha kazi. Akapimisha watoto wengine wa mtaani, nao pia wakakutwa nayo. Akaanzisha kituo cha kutetea haki, utawala bora na mazingira, akaandika barua, akaandamana. Mwaka 2012 alikamatwa na kushtakiwa kwa uchochezi, na mahakama ikamwachilia. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka uliofuata alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman, na mwaka 2023 Tuzo ya Right Livelihood.

Kufungwa kwa mlango wa kiwanda hakukuondoa kilichokuwa kwenye udongo. Wakazi walifungua kesi mwaka 2016, wakitegemea Katiba ya 2010, ambayo kifungu chake cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Tarehe 16 Julai 2020, Jaji Ann Omollo wa Mahakama ya Mazingira na Ardhi huko Mombasa aliamua kwamba kampuni pamoja na taasisi za serikali zilizopaswa kuizuia, ikiwemo mamlaka ya mazingira NEMA, ziliwakosea wananchi. Aliagiza walipwe shilingi bilioni 1.3, na udongo usafishwe, ama sivyo zilipwe milioni 700 za kazi hiyo. Rufaa zikafuata. Mahakama ya Rufani ilitengua fidia hiyo mwaka 2023. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha.

Ni ushindi mkubwa wa kisheria. Lakini kwa msomaji wa Meru au Embu, jambo zito zaidi limo kwenye uchunguzi wa kitabibu uliochapishwa mwaka 2018. Watafiti walipima damu za watoto 65 wa Owino Uhuru na wengine 65 wa mtaa wa Bangladesh, pia Mombasa, ambao haukuwa na kiwanda kama hicho. Owino Uhuru, watoto 45 kati ya kila 100 walikuwa na kiwango cha mikrogramu 5 au zaidi. Hilo lilitarajiwa. Bangladesh, ambako hapakuwa na tanuri, walikuwa 15 kati ya kila 100.

Hao 15 ndio wanaotuhusu sisi. Hakuna tanuri lililowalemaza. Huenda risasi yao ilitoka mahali pa kawaida: rangi, udongo, vyombo, kazi za wazazi, taka. Mahali hapo pa kawaida papo pia Gakoromone na Makutano huko Meru, Runyenjes na Siakago huko Embu. Mwaka 2020 UNICEF na shirika la Pure Earth walikadiria kwamba mtoto mmoja kati ya watatu duniani, jumla hadi milioni 800, ana kiwango cha 5 au zaidi, na wengi wao wanaishi katika nchi zenye kipato kama chetu. Anayedhani kwamba risasi ni shida ya pwani hajatazama nyuma ya nyumba yake.

Petroli ilivyokomeshwa

Wapo watakaosema kwamba sumu iliyosambaa hivi haizuiliki. Historia inawapinga, na ushahidi uko katika petroli ileile.

Mwanajiokemia Clair Patterson aliandika mwaka 1965 kwamba risasi iliyokuwa katika miili ya watu wa zama zake haikuwa hali ya asili, ilikuwa imemwagwa na viwanda na magari. Viwanda vilimpiga vita. Hata hivyo Marekani ilianza kupunguza risasi katika petroli miaka ya 1970, na wastani wa risasi katika damu ya watoto wake wadogo ukashuka kutoka mikrogramu 15 hivi mwishoni mwa muongo huo hadi chini ya 4 mwanzoni mwa miaka ya 1990. Hakuna aliyewatibu watoto hao mmoja mmoja. Chanzo kilifungwa, damu ikafuata.

Afrika ilichukua hatua yake huko Dakar, Juni 2001, nchi za kusini mwa Sahara zilipoahidi kuacha petroli ya risasi kabla ya mwaka 2006. Mwaka 2002 ushirikiano wa kimataifa wa mafuta safi ukaanzishwa, ukiratibiwa kutoka makao makuu ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, pale Gigiri, Nairobi. Kufikia mwisho wa mwaka 2005 ahadi ilikuwa imetimizwa. Matatu ziliendelea kupanda hadi Meru kama kawaida, na moshi wake haukubeba tena risasi. Algeria ilikuwa nchi ya mwisho duniani, Julai 2021. Lilikuwa tendo kubwa la afya ya umma ambalo wengi wetu hatukulisikia hata likitangazwa, kwa sababu abiria hakutakiwa kubadilisha chochote.

Hapo ndipo betri inapotofautiana na petroli. Petroli ilikuwa na mfereji mmoja: mitambo na bandari. Ukiufunga, umefunga. Betri iko katika kila pikipiki, kila gari, kila mtambo wa kuhifadhi umeme wa duka na zahanati, na katika nyumba nyingi bado. Betri za lithiamu zimechukua nafasi kwenye taa ndogo za sola tangu muongo uliopita, lakini boda boda zimeongezeka kwa namna ambayo hakuna aliyeitabiri mwaka 1984, na nyingi zina betri ya risasi chini ya kiti. Milango ni mingi, na ipo karibu na watu. Kwa hiyo kazi ya kuifunga haiwezi kuachiwa Nairobi peke yake.

Wajibu wa kaunti mbili

Sheria zipo. Sheria ya mazingira ni ya mwaka 1999. Sheria ya vyuma chakavu ya 2015 inataka mfanyabiashara awe na leseni na kumbukumbu. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inamtwika mtengenezaji na mwagizaji jukumu la bidhaa yake hata baada ya kutumika. Na tangu 2013 afya pamoja na leseni za biashara ndogo ziko mikononi mwa kaunti. Kila chombo kinachohitajika kumlinda mtoto wa Meru na Embu kimeshaandikwa kwenye karatasi.

Yamebaki mambo matatu ya kutenda. La kwanza ni kupima. Kijitabu cha kliniki ambacho kila mama hupewa kina nafasi ya uzito, chanjo na vitamini A. Hakina mstari wa risasi. Hospitali ya Level 5 ya Embu na hospitali ya rufaa ya Meru zingeweza kuanza na watoto walio hatarini zaidi: wa mafundi betri, wa wauza vyuma chakavu, wa wapaka rangi wa magari, na wanaoishi kando ya vibanda hivyo. Kuna vifaa vidogo vinavyopima risasi kwa tone la damu la kidoleni na kutoa jibu kwa dakika chache. Chuo Kikuu cha Embu na Chuo Kikuu cha Meru cha Sayansi na Teknolojia vina vijana wa kemia wanaoweza kupima udongo wa vituo vya zamani vya matatu na rangi za shule za chekechea, kisha kuchapisha ramani ambayo kila mzazi anaweza kuisoma. Omido hakushinda kwa sauti kubwa pekee. Alikuwa na karatasi za maabara mkononi.

La pili ni kuhakikisha kila betri iliyokufa inarudi dukani ikiwa nzima, na asidi yake ndani. Mnunuzi apunguziwe bei anaporudisha ya zamani, na duka lisipewe leseni ya kaunti bila mahali pakavu pa kuzihifadhi na mkataba na kiwanda cha kuyeyusha kilichoidhinishwa. Kuvunja betri katika makazi kupigwe marufuku na marufuku hiyo itekelezwe. Mafundi wa jua kali wasigeuzwe wahalifu. Wao ndio waliojenga umeme wa eneo hili kwa mikono yao, na watoto wao ndio wanaoumia kwanza. Wapewe sehemu ya kazi iliyo mbali na nyumba, maji ya kunawa na nguo za kubadilisha.

La tatu liko nyumbani, na haligharimu sana. Anayegusa betri au rangi anawe na abadilishe nguo kabla hajambeba mtoto, na nguo hizo zifuliwe peke yake. Sakafu ipanguswe kwa kitambaa chenye maji, kwa maana ufagio mkavu hurusha vumbi likarudi hewani. Rangi ya zamani inayobanduka isikwanguliwe ikiwa kavu, na mbao zilizopakwa rangi zisiwe kuni. Watafiti waliopima sufuria zilizosubuliwa kwa vyuma chakavu katika nchi kadhaa, Kenya ikiwemo, walikuta baadhi yake zikitoa risasi ndani ya chakula, kwa hiyo vyakula vichachu kama nyanya na ndimu visipikwe wala kulazwa humo. Mjamzito aepuke mawe ya kula yanayouzwa sokoni, kwa kuwa nayo huweza kubeba risasi. Na mtoto alishwe vizuri: maziwa, njahi, ndengu, kunde, terere, mayai inapowezekana. Tumbo lililoshiba chuma na kalisi huiachia risasi nafasi ndogo. Chakula hakiondoi sumu iliyokwisha kuingia, lakini kinapunguza inayofuata.

Watu wa mlimani waliwahi kuitangulia nchi. Hawakungoja nyaya za Seven Forks ziwashukie. Walikaa katika mkutano wa wazazi, wakapima gharama, wakachagua jua, na Kenya nzima ikajifunza kutoka kwao. Uamuzi huo ulileta faida halali, na pamoja nayo ukaleta deni ambalo mpaka sasa wamelilipa watoto ambao hawakuulizwa. Kulimaliza deni hilo kunahitaji ujasiri uleule: mkutano wa wazazi shuleni, wawakilishi wa wadi, mafundi na wauguzi wakiketi pamoja kuamua nani atapima, nani atakusanya, na nani atalipa. Kaunti ya kwanza kati ya hizi mbili itakayoweza kutaja kiwango cha risasi katika damu ya watoto wake, na kuonyesha mwaka hadi mwaka kwamba kinashuka, itakuwa imeikamilisha kazi iliyoanzia Karamugi.